Majeneza ya Akiba

Katika mhadhara wa kwanza wa somo la masoko, Daktari Nzomo aliwaambia wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwamba nusu yao walikuwa wamekosea mlango.

"Aliyekuja hapa kujifunza kuuza, atoke sasa hivi aende soko la Gikomba," alisema. "Kule atafundishwa bure, na akizubaa ataibiwa viatu."

Darasa lilicheka. Elsie Wakesho, aliyeketi safu ya pili, hakucheka kwa sababu alikuwa anaandika. Kuuza, mhadhiri alieleza, ni kumshawishi mtu achukue kile ulicho nacho. Masoko ni kujua mtu anahitaji nini kabla hujatengeneza chochote. Mwaka huo wangejifunza mambo manne ambayo mfanyabiashara anaweza kuyabadilisha: bidhaa yenyewe, bei yake, mahali inapopatikana, na namna watu wanavyopewa habari zake. Wangejifunza kuwauliza watu maswali bila kuwatilia majibu mdomoni. Wangejifunza kuwagawa wanunuzi katika makundi, maana hakuna bidhaa ya kila mtu. Hesabu hazingekuwa nyingi, alisema, lakini kusoma kungekuwa kwingi, na mtihani ungewashangaza wale waliodhani kwamba somo hili ni la porojo.

Wakesho alilipenda somo hilo kuliko uhasibu na kuliko sheria. Akitembea River Road, Nairobi, siku ya Jumamosi aliyaona mambo manne yote yakifanya kazi: viatu vimepangwa mlangoni, bei imeandikwa kwa chaki, kijana anaita wapita njia. Ilikuwa mara ya kwanza chuoni kufundishwa kitu ambacho angeweza kukikagua kwa macho.

Mwezi wa Julai 1976, kabla ya likizo ndefu, Daktari Nzomo alitoa kazi ya mwisho. Kila mwanafunzi atafute biashara ndogo nyumbani kwao, aichunguze, abadilishe jambo moja au zaidi kati ya yale manne, kisha aje aeleze kilichotokea. Asiyeleta kazi hiyo hatapanda mwaka wa pili.

Biashara ndogo ambayo Wakesho aliifahamu vizuri ilikuwa ya baba yake. Baba yake alikuwa fundi wa majeneza.

Fanuel aliishi Wusi, katika milima ya Taita, nchi ya Wadawida, kando ya barabara ya murram inayopanda kutoka Mwatate. Zamani alitengeneza milango, vitanda na madawati ya shule, lakini kazi hizo zilikuwa zimehamia kwa mafundi wa Voi wenye mashine. Majeneza yalibaki kwake. Kwenye mgongo ule wa mlima hakuna aliyezikwa katika sanduku lililotengenezwa na mkono mwingine. Fanuel alikuwa mgane, mwenye maneno machache na shamba dogo lenye mawe mengi, na bila kazi hiyo angekuwa mtu wa kusalimiwa tu njiani. Kwa sababu ya kazi hiyo, mtu akifa, uwanja wake ndio uliokuwa wa kwanza kujaa, na katika kila mkutano kigoda chake kiliachwa wazi hata akichelewa. Kazi hiyo ndiyo iliyomweka mahali pake kati ya watu, na hakuwa na nyingine ya kumweka.

Utaratibu wake ulijulikana. Fundi haingii nyumba ya msiba na futi. Mmoja wa jamaa humpima marehemu kwa kamba ya katani, akafunga fundo kichwani na fundo miguuni, akaipeleka kamba ile kwa Fanuel bila kusalimia mtu njiani. Fanuel akiipokea huiweka shingoni na kuanza kuchagua mbao. Wanaume wa ukoo hufuata mmoja mmoja. Huyu hushika ubao, yule hunyoosha misumari ya zamani juu ya jiwe, wengine hukaa tu juu ya magogo na kusema habari za marehemu, mema kwanza, kisha vichekesho, mwishoni hata yale aliyowakosea. Nyundo ilisikika mpaka ng'ambo ya bonde. Kazi ilichukua siku nzima. Ilipokwisha, wanaume walilibeba sanduku wenyewe, na kamba iliwekwa ndani.

Wakesho alikuwa ameona hayo tangu utoto. Katika daftari lake aliyaandika kwa neno moja: kuchelewa.

Hakuandika hivyo kwa kubahatisha. Alizunguka nyumba hadi nyumba akiuliza, kama alivyofundishwa. Mmoja wa watu wa kwanza aliowauliza alikuwa Tryphena, waliyesoma naye shule ya msingi, ambaye sasa alikuwa ameolewa nyumba ya juu na alikuwa na binti wa miaka miwili, Mshai.

"Elsie wa chuo!" Tryphena alipiga kelele kutoka shambani. "Kumbe bado miguu yako inajua kupanda mlima."

"Mama Mshai, nina maswali kidogo."

"Uliza. Lakini usinitolee Kiingereza, changu nilikiacha darasa la saba na sikurudi kukichukua."

Wakesho alimweleza anachosoma. Tryphena aliweka jembe chini.

"Yaani wanakulisha Nairobi ujifunze mambo ya soko? Mimi nauza ndizi Mwatate kila wiki, na aliyenifundisha ni njaa. Wewe ukimaliza utauza nini, ndege?"

"Nitajua watu wanataka nini."

"Hiyo ni rahisi. Wanataka bure."

Walicheka wote. Kisha Wakesho aliuliza swali lake kama lilivyokuwa limeandikwa: katika kazi ya fundi Fanuel, ni jambo gani lingefaa kuboreshwa?

Tryphena alimwinua Mshai aliyekuwa akicheza kando, akamweka kiunoni na kufikiri kwa uaminifu, kwa kuwa rafiki yake alikuwa ametembea kuja kumuuliza. "Hukawia," alisema. "Baba mkwe alipokufa tulingoja kuanzia asubuhi mpaka jua likaanza kuzama. Wanaume wako kwenu wamekaa, sisi huku tunapikia watu wasiokwisha. Kama lingekuwa tayari, tungemaliza mapema."

Karibu kila nyumba ilitoa jibu hilo. Waliulizwa kasoro, wakataja kasoro. Hakuna aliyetaja jambo ambalo hakutaka liondolewe, kwa kuwa hakuulizwa.

Jioni ya siku hiyo Wakesho alimweleza baba yake mpango. Majeneza yatengenezwe mapema, kwa saizi tatu. Yapangwe chini ya kibanda kinachotazama barabara, mahali watu wanapoweza kuyaona na kuchagua. Bei ijulikane. Pawe na kibao.

Fanuel alikuwa ananoa patasi. "Yatengenezwe mapema," alisema. "Ya nani?"

"Ya yeyote atakayehitaji, baba."

"Hivyo ndivyo mlivyosoma?"

"Ndivyo."

Aligeuza patasi upande wa pili. "Na usipofanya kazi hii?"

"Sipandi mwaka wa pili. Halmashauri inayonilipia karo hailipii mtu kurudia."

Fanuel alijaribu makali ya patasi kwa kidole gumba. "Basi tafuta mbao," alisema.

Mbao walizinunua Voi, kwa Jaffar, mzee ambaye familia yake ilikuwa imetoka pwani zamani na alikuwa na yadi karibu na reli. Alikuwa amemuuzia Fanuel mbao kwa miaka mingi. Wakesho alipotaja vipimo, Jaffar aliinuka kitini na kuvua kofia.

"Poleni sana, mwanangu. Nani kafariki?"

"Hakuna, mzee. Sote wazima."

Jaffar alirudisha kofia. "Hajafa mtu, na wataka mbao za jeneza?"

"Ni za akiba."

"Akiba!" Alimgeukia mpakizi wake. "Wewe, wasikia mambo? Watu waweka akiba ya mahindi, Wadawida wao waweka akiba ya mauti." Mpakizi alicheka mpaka akashika ukuta. Jaffar mwenyewe alicheka kidogo, kisha akaacha. "Kwetu jeneza ni la msikiti. Lampeleka huyu, larudi, lampeleka mwingine. Maiti yaingia kaburini na sanda yake, basi. Kwa hivyo mimi si mnunuzi wako, nifute kwenye hesabu zako."

"Nimeshakufuta, mzee. Uko kundi lingine."

"Alhamdulillahi," alisema Jaffar, na kuanza kuchagua saiprasi isiyo na vifundo. Mbao zilipokuwa zimefungwa juu ya lori alimsogelea Wakesho na kusema kwa sauti ya chini: "Nimeuza kwa sababu kazi yangu ni kuuza. Lakini mtu akikuuliza huko mlimani, usimtaje Jaffar."

Suala la saizi Wakesho hakuliamua kwa hisia. Alikwenda zahanati akamuuliza dresa, mhudumu wa wagonjwa, ni watu gani waliokufa eneo hilo mwaka uliopita. Zaidi ya nusu walikuwa watoto chini ya miaka mitano. Kwa hiyo Fanuel alitengeneza jeneza moja kubwa, moja la kati, na madogo manne.

Alifanya kazi hiyo peke yake. Hapakuwa na kamba shingoni wala mtu wa kushika ubao, na Wakesho alipojitolea kushika, alimwambia ubao utasimama wenyewe. Hata hivyo mkono wake haukuharibu kitu. Pembe zilikaa sawasawa, vifuniko vilifunga bila kusukumwa. Alipomaliza aliyapanga chini ya kibanda, makubwa nyuma, madogo mbele yaonekane. Juu yake Wakesho alipigilia kibao: MAJENEZA TAYARI. SAIZI ZOTE. FUNDI FANUEL.

Mtu wa kwanza kusimama mbele ya kibanda alikuwa Thadeus, mkubwa wa ukoo, ambaye pia alikuwa mzee wa kanisa. Alisoma kibao polepole, akiwa ameegemea fimbo.

"Fundi," alisema.

"Naam, mzee Thadeus."

"Naona mmeshanipimia."

"Hapana mzee, hilo lingekubana. Wewe ni mrefu."

Siku nyingine Thadeus angejibu kwa tusi la kirafiki. Safari hii alinyoosha fimbo kuelekea yale ya mbele. "Na haya madogo manne? Ya kina nani?"

Wakesho, aliyekuwa mlangoni, alijibu kwa niaba ya baba yake. "Si ya mtu, babu. Ni ya mtoto yeyote."

"Yeyote," alisema Thadeus. "Mimi nina wajukuu tisa. Hakuna anayeitwa Yeyote."

Aliondoka bila kuaga. Baada ya hapo wanawake waliokuwa wakipita mbele ya kibanda kwenda kuteka maji walianza kupita njia ya chini, ambayo ni ndefu na huteleza wakati wa ukungu. Waliokutana na Wakesho walimsalimia, wakamuuliza habari za Nairobi, na kuwasogeza watoto wao upande wa pili wa kanga. Aliliona jambo hilo na kulieleza kwa maneno ya darasani: wanunuzi hukiogopa kitu kipya, kisha hukizoea. Kilichohitajika ni muda.

Mwishoni mwa Agosti surua iliingia. Ilitoka mashamba ya katani, ambako wafanyakazi waliishi wamebanana, ikapanda na watoto waliokuwa wamekwenda kutembelea jamaa. Kwanza walionekana watoto wenye macho mekundu, kisha upele, kisha kikohozi. Dawa za zahanati ziliisha, na dresa aliwaambia watu wawape watoto maji na wawaweke mbali na moshi. Mtoto wa kwanza kufa alikuwa mvulana wa nyumba iliyo karibu na shule, aliyezikwa siku ile ile katika mkeka kabla Fanuel hajapata habari. Wa pili alikuwa Mshai.

Fanuel alisikia kilio kutoka nyumba ya juu asubuhi. Aliosha mikono, akavaa koti, akakaa kwenye gogo kungoja kamba.

Kamba haikuja. Badala ya nyundo yake, nyundo nyingine ilianza kusikika kule juu, ikipigwa na mtu asiyejua kupiga: mapigo mawili yanatua, la tatu linapotea. Fanuel alisikiliza kwa muda. Kisha alichukua mojawapo ya majeneza madogo, akaliweka begani, akapanda mlima. Wakesho alimfuata.

Uwanjani kwa Tryphena wanaume walikuwa wamebandua mlango wa jikoni na kuukata. Mume wake, kijana aliyekuwa kibarua wa barabara, alikuwa amepiga magoti juu ya vipande hivyo akipinda msumari baada ya msumari. Mbao za mlango zilikuwa nyeusi kwa moshi. Thadeus alikuwa amekaa kando na wengine, na alipomwona Fanuel alitazama chini.

Fanuel alitua jeneza. "Poleni," alisema. "Nimeleta hili. Sitaki kitu. Ni la mtoto."

Kijana hakuinua kichwa. Tryphena ndiye aliyetoka ndani. Hakuwa analia wakati huo. Alilitazama lile sanduku lililopigwa randa vizuri kwa muda mrefu, hasa urefu wake, kwa kuwa lilikuwa sawa kabisa na urefu wa Mshai.

"Hili limemngoja mwanangu tangu lini?" aliuliza.

Fanuel aliweka mkono juu ya kifuniko.

"Nauliza, fundi. Mshai alikuwa anacheza hapa, anafukuza kuku, na hili lilikuwa tayari kule barabarani? Kwa kipimo chake?"

"Halikuwa lake, Mama Mshai."

"Kabla halijawa lake, lilikuwa la nani?"

Wakesho alisema, "Tryphena, ni surua. Imetoka chini kwa mashamba. Ingekuja hata kama—"

"Wewe nyamaza," alisema mmoja wa wanawake, bila hasira, kama mtu anayemfukuza nzi.

Fanuel alilichukua sanduku lake na kushuka nalo. Mshai alizikwa ndani ya mlango wa jikoni. Watoto wengine wawili walikufa kabla ya surua kwisha. Mmoja alizikwa katika blanketi, mwingine katika kasha la majani ya chai lililoombwa dukani. Majeneza manne madogo yalibaki yamepangwa barabarani, kila moja likiwa na urefu uliohitajika, bei ndogo, na mahali pasipo mbali. Fanuel aliyafunika kwa gunia. Kibao alikitoa kwa mikono, misumari ikabaki ukutani.

Thadeus aliwaita Fanuel na binti yake kwake. Wazee walikuwa wamekaa uwanjani, na wafiwa walikuwepo, Tryphena na mume wake mbele. Katikati paliwekwa kibuyu cha maji. Wakesho alijua ni cha nini. Kwa Wadawida, hasira iliyofichwa moyoni huweza kuua hata kama mwenye nayo hajanyanyua mkono. Anayeshukiwa huchukua kinywaji mdomoni na kukipuliza nje huku akiwatakia watu heri, ili ionekane kwamba ndani hamna kitu; anayemeza, hasira imebaki ndani yake. Huko ndiko kutasa. Wazee wa kanisa walikuwa wakikataza jambo hilo Jumapili na kulisimamia siku nyingine.

Wakesho aliomba kusema kwanza, naye akaruhusiwa. Alieleza jinsi surua inavyosafiri kwa pumzi, ni nyumba gani iliyoanza, mtoto yupi aliyetoka mashambani na siku aliyofika. Hakukosea jambo. Wazee walimsikiliza mpaka mwisho.

"Surua tunaijua," alisema Thadeus. "Ilimuua ndugu yangu kabla baba yako hajazaliwa. Hakuna hapa anayesema sanduku lilikohoa. Tunachouliza ni hiki: mtu anayepanga vijeneza vinne barabarani na kukaa kungoja, moyoni mwake anaomba nini asubuhi?"

"Haombi kitu, babu."

"Fundi hungoja kazi. Mwenye duka huomba wanunuzi. Fanuel zamani hakuwa akiomba kitu, kwa sababu hakuwa na kitu cha kuuza. Alikuwa na mikono tu, sisi ndio tulikuwa tukimpelekea kamba."

Fanuel hakungoja kuambiwa. Aliinuka, akachukua kibuyu, akajaza mdomo na kupuliza maji upande wa mashariki. Aliwatakia wafiwa watoto wengine, mvua na usingizi. Kisha aliulizwa kama alikuwa na hasira na mtu, akasema hana. Wazee waliitikia. Kwake ilikuwa imekwisha.

"Sasa mwenye shauri," alisema Thadeus. "Maana shauri halikuwa la fundi."

Wakesho alipokea kibuyu. Hakuona sababu ya kukataa. Maneno aliyajua, maji yalikuwa maji, na hilo lilikuwa jambo dogo kuliko yote ambayo angeweza kumfanyia baba yake. Alijaza mdomo.

"Ngoja," alisema Tryphena. "Kabla hujapuliza. Unatutasia sisi, ama unataka kesho tumpelekee baba yako kazi?"

Wakesho alikuwa na maji mdomoni na hakuweza kujibu. Angeweza kutikisa kichwa. Angeweza kupuliza tu, na labda ingepita. Lakini aliulizwa swali wazi, na jibu lake alilijua: asubuhi ile, akifunga kanga, alikuwa amefikiri kwamba hii ndiyo njia iliyobaki ya kurudisha imani ya wanunuzi. Alikuwa ameifikiria kwa maneno hayo hayo. Alimtazama baba yake, kisha Tryphena, na Tryphena akaliona jibu.

"Basi meza," alisema.

Wakesho akameza.

Hakuna aliyepiga kelele. Thadeus alichukua kibuyu mikononi mwake na kumwaga yaliyobaki mbali na miguu ya watu. Alisema masanduku yaondoke mlimani kabla ya mvua za vuli. Juu ya Fanuel hakusema neno, naye Fanuel hakuhitaji kuambiwa. Bibi mmoja wa nyumba ya chini alipofariki wiki iliyofuata, kamba ilipelekwa Mwatate, kwa fundi ambaye hakuwahi kumwona marehemu, na mazishi yalichelewa siku mbili. Hakuna aliyelalamika.

Fanuel alikwenda Voi na lori la mboga, akiwa na vifaa vyake na majeneza yote sita. Jaffar alimpa kona ya yadi na kazi ya kupigilia makreti ya nyanya za kwenda Mombasa. Masanduku aliyaona, akayazunguka, akasema yakae nyuma, yasiwe mbele ya watu wanaonunua vitanda.

Wakesho alipita yadini asubuhi ya kurudi chuoni. Basi la Nairobi lilikuwa halijafika. Alimkuta baba yake amekaa juu ya kreti, misumari mdomoni.

"Utarudi nyumbani lini, baba?"

Fanuel aliisogeza misumari shavuni kwa ulimi. "Nikiitwa."

"Watakuita?"

"Wataniita siku moja. Siku hiyo sitaweza kwenda kwa miguu."

Jaffar, aliyekuwa akisikia, alisema kwa sauti kubwa kwamba mtu mwenye misumari mdomoni asizungumze mambo ya mauti, atavimeza vyote viwili.

Wakati huo mwanamume mwenye koti la reli aliingia yadini na mkokoteni wa kukodi. Hakuwa mtu wa huku. Aliuliza, kwa Kiswahili cha bara, kama ni kweli hapa kuna masanduku ya maiti yaliyo tayari. Jaffar alionyesha nyuma. Mwanamume alikwenda, akatazama, akaweka mkono juu ya mojawapo ya yale madogo na kupima kwa shubiri.

"Hili litatosha," alisema. "Nilidhani nitakaa hapa siku nzima, na kule nyumba za reli mama yake yuko peke yake."

Fanuel aliinuka na kumsaidia kulibeba mpaka mkokotenini. Alihakikisha kifuniko kimekaa. Kisha aliuliza, "Mtoto alikuwa anaitwa nani?"

Mwanamume alimtazama kama aliyeulizwa jambo la ofisini. "Mbona? Lazima liandikwe?"

"Hapana. Si lazima."

"Basi nisaidie kusukuma hapa kwenye reli, nimechelewa."

Fanuel alisukuma mpaka ng'ambo ya reli, akarudi akipangusa mikono. Jaffar alikuwa anahesabu makreti. Baadaye, kama mtu anayeomba chumvi, alisema mjini wageni ni wengi, na kwamba Fanuel akipata nafasi atengeneze mengine mawili matatu, madogo hasa.

Wakesho alikuwa amesimama na mkoba wake. Sasa alijua sehemu ambayo kazi yake ilikuwa imekosea, na angeweza kuieleza kwa mistari michache: bidhaa ilikuwa sahihi, bei ilikuwa sahihi, mahali ndipo palipokosewa. Jeneza la akiba ni la watu wasiojuana. Daktari Nzomo angelikubali jibu hilo, maana lilikuwa kweli.

Basi lilipiga honi barabarani. Baba yake alikuwa ameshachagua ubao na kuuweka juu ya meza. Alitafuta kitu cha kuupimia, hakukiona, akatumia mkono wake mwenyewe, kutoka ncha ya vidole mpaka kiwiko, na kidogo zaidi.